Eti "mwite mtaalamu"? Mtaalamu ni kijana wa miaka 19 kwenye ngazi

Wasee, kuna sentensi moja inanikera kuliko zote. Iko kwenye kila video ya ng'ambo ya kurekebisha mlango wa gereji: usiguse springi, mwite mtaalamu. Sawa basi. Labda huko Marekani mtaalamu anakuja na gari lenye jina la kampuni ubavuni, amefunzwa na ana bima. Hapa Nairobi mtaalamu anakuja na boda, begi mgongoni, miaka 19, na mdosi wake amemwambia asubuhi, "Wewe enda tu, ni springi, utaona vile imekaa."

Kwa hivyo nasema hivi, na mkitaka mnitukane kwa maoni. Kwa nchi hii "mwite mtaalamu" ni kunawa mikono. Kuna mtu lazima apande hiyo ngazi, na huyo mtu ni rika letu. Kama hakuna aliyemwonyesha hiyo kazi inafanywaje, basi sisi wote tumemtuma akaumie, halafu tunajifanya tulimwonya.

Usiniambie haikuhusu juu unaishi bedsita na gereji umeona tu ukipita Runda. Angalia shata ya duka hapo chini ya ploti yenu. Ile ngoma ya chuma juu, kwa nyingi za kuvuta kwa mkono, ndani kuna springi. Ndio maana mama wa duka anainua chuma yote hiyo kwa mkono mmoja. Springi ndiyo inabeba, yeye anaelekeza tu.

Sasa tupige hesabu kidogo, fizikia ya sekondari tu. Chukua mlango wa gereji wa kilo 70, urefu mita 2.1. Ukiufungua mpaka ulale juu, kwa wastani uzito wake umepanda karibu mita moja. Hiyo ni kazi ya kama jouli 720, na karibu yote inatoka kwa springi. Yaani mlango ukiwa umefungwa, ile chuma juu ya kichwa chako imeshikilia nguvu sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukianguka kutoka karibu mita moja na nusu. Imetulia tu hapo, haipigi kelele.

Na ujanja wake ni huu. Ukiikaza kwa rodi ya sentimita 45, mkono wako unasikia kama kilo 8 hivi. Mtungi wa lita 10 wa maji ni mzito kuliko hiyo. Kwa hivyo kijana anaona, aah, kumbe ni rahisi. Ni rahisi mpaka rodi iteleze. Hapo nguvu yote inarudi kwa mpigo mmoja, na rodi inazunguka ikitafuta kitu cha kugonga. Mara nyingi inapata kidole, mkono au uso.

Inateleza kwa nini? Bisibisi! Manze, bisibisi. Ile koni ya springi ina matundu manne, na kwa milango mingi ya nyumbani yametobolewa yaingie rodi ya chuma ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Bisibisi haijazi hilo tundu, na haikuundwa kubeba mzigo wa kupinda. Wengine wanajiona wajanja, wanaokota kipande cha chuma cha mjengo, ile D12. Hiyo ni milimita 12, inachezacheza ndani, na kawaida imekatwa fupi ncha ikiwa imeinama. Halafu tunaita hiyo hasla.

Sasa acheni niwaambie kazi yenyewe, kwa sababu kuificha ndio kumetuleta hapa. Mlango uwe umefungwa kabisa chini, na mota ichomolewe kwa umeme. Koleo ya kujifunga inabanwa kwa reli juu ya gurudumu moja, ili mlango usiruke juu ukipata nguvu. Rodi ni mbili, siku zote mbili. Moja inashikilia, nyingine inaingia tundu linalofuata mpaka mwisho kabisa, usikie imegonga, ndio uachilie ya kwanza. Robo mzunguko, unabadilisha, robo mzunguko, unabadilisha. Mwili unakaa kando. Kichwa hakikai kamwe kwenye njia ya ile rodi, hata ukitaka kuona vizuri. Na ngazi iwe imara, juu ukishtuka huko juu hutakuwa na pa kurukia.

Mlango wa futi 7 kwa kawaida unataka karibu mizunguko 7 na nusu, hizo ni robo 30. Wa futi 8 unafika kama robo 34, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo inaamua. Hesabu kwa sauti. Afadhali hata zaidi, piga mstari wa chaki kwa urefu wa springi kabla hujaanza. Ukikaza, ule mstari unajizungusha, na mizunguko yake inakuambia umefika wapi hata kama mteja amekuchanganya na stori za siasa. Skurubu za koni zikazwe kabla rodi ya mwisho haijatoka. Kisha jaribu mlango kwa mkono, mota ikiwa bado imeachanishwa nao. Uinue mpaka nusu, uachilie polepole. Ukikaa hapo, umefanya kazi. Ukizama, springi haijashiba. Ukipaa, imezidi.

Na hii wengi hawaambiwi. Springi zikiwa mbili na moja imekatika, ile nyingine bado ina nguvu yake. Fundi anaona chuma imevunjika anadhani yote imekufa, anaanza kulegeza skurubu kama anafungua meza. Hapo ndipo watu wanaumia. Nzima inalegezwa kwa rodi zile zile mbili, robo kwa robo, na zinabadilishwa zote mbili kwa sababu zimezeeka pamoja. Springi za kawaida hutengenezwa kwa makadirio ya kufungua na kufunga mara 10,000. Kwa nyumba inayofungua mara 4 kwa siku, hiyo ni karibu miaka 7. Mwenye nyumba ukishangaa imekatika "ghafla", hesabu ulihamia lini.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Fundi wangu ametumia bisibisi miaka 15 na vidole vyote viko." Sawa, kaka. Wale ambao vidole haviko hawafanyi hiyo kazi tena, kwa hivyo huwezi kukutana nao ukiita fundi. Unahesabu waliobaki tu.

Wengine watasema vifaa ni ghali. Vifaa gani? Chuma mviringo ya nusu inchi, isiyo na uwazi ndani, ikakatwa vipande viwili, ncha zikasagwa laini. Kariobangi Light Industries kuna mtu anakufanyia ukiwa umesimama hapo hapo. Mdosi anayesema hiyo ni ghali amenunua simu mpya mwaka huu, tusidanganyane.

Halafu kuna sheria, ingawa ukiitaja mjengoni unaonekana umetoka sayari nyingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi. "Utaona vile imekaa" si mojawapo ya hivyo vitatu. Ile ya fidia ya majeraha kazini, WIBA, nayo ya 2007, inamhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi, na ajali inafaa kuripotiwa na mwajiri ndani ya siku 7. Lakini kijana wa mkono anaumia, anapewa nauli ya boda na pole, wiki ijayo kuna kijana mwingine. Kama ni wewe, weka jumbe za M-Pesa ulizolipwa na meseji za kukutuma kazi. Usifute. Hizo ndizo zitaonyesha ulikuwa unamfanyia nani kazi.

Na nyinyi wenzangu wa video, siwaachi. Mnakata robo 30 ziwe sekunde 3, mnaweka ngoma ya Arbantone juu, mnaandika "rahisi sana". Hamuonyeshi koleo kwa reli wala rodi ya pili. Mnaonyesha tabasamu na mlango ukipanda. Kuna mtu anaangalia hiyo kwa bando ya shilingi 20 akiwa njiani kwenda kazi, na hiyo ndiyo training yake yote.

Mwenye mlango naye, kabla hujalia bei, mwambie fundi akuonyeshe rodi zake kabla hajapanda. Asipokuwa nazo, ashuke, arudi kesho nazo. Na ulipe nauli yake ya leo.