Watutajie Bulgaria, si Ujerumani

Wanaohimiza sarafu moja ya Afrika Mashariki ije haraka hupenda kututajia euro. Sawa, lakini watutajie Bulgaria.

Februari 1997, bei huko zilipanda zaidi ya mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Benki zilikuwa zimekopesha viwanda vya serikali visivyolipa, watu wakakimbilia madirishani. Mimi ni keshia mstaafu. Mteja anayetaka noti zake zote leo hasikilizi maelezo ya meneja. Julai nchi ikajifunga: leva 1,000 kwa maki moja ya Ujerumani, na hakuna leva kutoka bila akiba ya fedha za kigeni nyuma yake. Benki kuu ikakatazwa hata kuikopesha serikali. Serikali gani ya kwetu ingekubali? Nauliza tu.

Bei zilitulia. Euro yenyewe iliingia Januari 1, 2026, zaidi ya miaka 28 baadaye. Latvia nayo, ikiwa njiani kuelekea euro, katika msukosuko wa 2009 ilikataa kushusha thamani ya sarafu yake. Ikakata mishahara ya walimu na wauguzi, na vijana wengi wakahama.

Sisi wa Afrika Mashariki tulisaini itifaki ya sarafu moja Kampala mwaka 2013, tukaahidi ingekuja 2024, sasa tunasema 2031. Kuchelewa hakunisumbui hata kidogo. Ninachodai ni kila serikali itangaze, kila robo mwaka, inadaiwa kiasi gani na benki kuu yake, tena kwa Kiswahili anachokielewa muuza vitenge wa Namanga.