Mwalimu Asome kwa Pesa ya Nani?

Ndugu wanachama na wafanyakazi wenzangu,

Siku hizi nasikia wenzetu karakanani wakiwacheka walimu wa sekondari. Wanasema, mtu huyu amekwisha kupata digrii, ameajiriwa, ana chaki na ana darasa, sasa digrii ya pili anaitaka ya nini? Wanasema ni tamaa ya vyeo. Mimi si mwalimu. Masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na yale mengine nilifundishwa na chuma na mafuta ya mashine. Lakini neno hili haliwezi kupita hivi hivi, kwa sababu anayemcheka mwalimu leo anamsaidia mwajiri, tena anamsaidia bila kulipwa.

Tuanze na jambo lenyewe. Zamani mwalimu wa sekondari aliyejiendeleza mpaka akapata digrii ya uzamili alikuwa na haki ya kutumaini kupandishwa daraja kwa ajili ya masomo yake. Ndiyo maana walimu wengi walijaza vyuo vikuu wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Shule zikifungwa, wengine wakienda nyumbani kulima, wao walibeba madaftari wakaenda kuketi madarasani. Ada walilipa wenyewe. Mwingine alichukua mkopo wa ushirika, mwingine akauza ng'ombe, mwingine akasomea katika kitanda cha kukodi huku watoto wake wakingoja karo.

Kisha katika miaka ya 2010 Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, ikaanza kuufunga mlango huo. Miongozo mipya ya kupandisha vyeo iliyoambatana na mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021 ikaupiga kufuli kabisa. Sasa mwalimu apimwe kazi yake, angoje nafasi iwe wazi, aitwe mahojiano. Digrii ya uzamili peke yake haimpandishi hata ngazi moja. Yule aliyekuwa amekwisha kuuza ng'ombe akabaki na karatasi ukutani na deni mfukoni.

Mabwana wakubwa wana jibu lao. Wanasema mwajiri hulipa kazi, halipi karatasi. Neno hili linapendeza masikioni, na wengi wetu tumelikubali. Basi na tulichunguze vizuri.

Mwaka 2021 Tume hiyo hiyo ilizindua mafunzo ya kuendeleza walimu, ikasema ni ya lazima kwa kila mwalimu. Taasisi nne zilichaguliwa kuyatoa. Mwalimu wa kawaida alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfuko wake mwenyewe, na mafunzo yalipangwa katika mafungu sita, kila fungu miaka mitano. Piga hesabu, ndugu yangu: miaka 30, shilingi 180,000. Walimu wengi walipiga kelele, nao walikuwa na haki.

Sasa weka mambo haya mawili juu ya meza moja. Mwalimu akichagua mwenyewe kusoma zaidi, anaambiwa masomo si kitu, kazi ndiyo kitu. Mwajiri akichagua masomo, anaambiwa masomo ni lazima, tena alipe. Basi masomo ni kitu au si kitu? Kama ni kitu, mwenye kuyataka ayalipie na mwenye kuyapata atambuliwe. Kama si kitu, usimdai mwalimu shilingi 6,000. Mwajiri hawezi kula pande zote mbili za mkate.

Sisi watu wa reli tunalijua jambo hili kuliko wengine. Chuo cha reli cha Nairobi kilianza mwaka 1956. Kilijengwa kwa kuwa mwajiri alijua kwamba treni haiendeshwi kwa maombi, na kwamba mtu wa ishara asiyefundishwa ataua watu. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, Wakenya walipelekwa Uchina kujifunza kuendesha injini zake, na wanawake walikuwamo. Hatukusikia kwamba waliambiwa wakauze ng'ombe kwanza. Injini ni ya thamani, kwa hiyo dereva alifundishwa. Je, mtoto wa mfanyakazi ana thamani ndogo kuliko injini ya dizeli?

Hata nchi hii ilikuwa na akili hiyo zamani. Mwaka 1961, Afrika Mashariki ilipokosa walimu wa sekondari, Marekani ilileta vijana wenye digrii kwa mpango ulioitwa Teachers for East Africa. Wale ambao hawakuwa wamesomea ualimu walipelekwa Makerere kusoma diploma ya ualimu, na gharama ilibebwa na mpango, haikubebwa na mwalimu. Katika miaka hiyo ya 1960 Sweden ilisaidia kuanzisha Kenya Science Teachers College pale Nairobi, ili tupate walimu wetu wa sayansi. Walimu walipohitajika sana, pesa zilipatikana. Leo wapo, basi wanaambiwa wajitegemee.

Sasa nijibu maneno matatu ambayo wenzetu huyarudia.

La kwanza wanasema: digrii ya pili haimfanyi mtu kuwa mwalimu mzuri. Ni kweli, na tusilifiche. Wako walimu waliosomea usimamizi wa ofisi ili wapate kulikimbia darasa, na baada ya kufuzu watoto hawakuwaona tena. Lakini kosa hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwa mpango uliolipa karatasi yoyote, na uliompa mtu cheo cha kumtoa darasani. Dawa yake ni kulipia masomo yanayofika kwa mtoto: mwalimu wa fizikia asome fizikia zaidi, wa hesabu asome hesabu, wa Kiswahili asome Kiswahili, kisha arudi kwenye ubao ule ule na mshahara uliopanda. Paa likivuja hubomoi nyumba.

Tena angalieni wakati tulio nao. Mtaala umebadilika. Sekondari ya chini ilianza mwaka 2023, na sekondari ya juu imepangwa kwa njia tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, na sanaa na michezo. Mwalimu aliyetoka chuoni miaka 20 iliyopita anaambiwa afundishe kwa namna mpya vitu vipya. Ukibadilisha injini, lazima umrudishe dereva chuoni. Huko Ufini mwalimu wa shule hutakiwa awe na digrii ya uzamili tangu mwisho wa miaka ya 1970, na ada ya chuo hailipwi na mwanafunzi. Wale si malaika. Walikaa chini wakaamua mtoto wao afundishwe na mtu wa namna gani, kisha wakatoa pesa.

La pili wanasema: Serikali haina pesa. Ndugu, neno hili tumelisikia kila tulipodai nyongeza, tangu wakati wa baba zetu. Mwaka 2023 vijana wengi wenye digrii waliwekwa kufundisha sekondari ya chini kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Waliambiwa pesa hakuna. Mwaka 2024 waligoma, wakaandamana. Mwaka 2025 ajira ya kudumu ikapatikana. Pesa zilitoka wapi? Zilitoka pale pale zilipokuwa. Mkono mtupu haulambwi, na mkono usionyooshwa haupewi.

La tatu wanasema: mambo ya walimu tuwaachie walimu. Hili ndilo baya kuliko yote. Nani anayefundishwa na walimu hao? Mtoto wa tajiri anayo shule yake ya ada kubwa, na mwalimu akipungukiwa huko huongezewa. Mtoto wa mtu wa reli, wa bandari, wa majani chai na wa ujenzi yuko katika sekondari ya kutwa, darasani wamebanana kama mizigo katika behewa. Yeye hana mwalimu wa pili wa kumlipa jioni. Mwalimu wake akiwa amechoka, ana deni na amekata tamaa, mtoto wetu ndiye anayelipa, naye hulipa kwa maisha yake yote. Tena kanuni iliyoanza kwa walimu haitaishia kwa walimu. Kesho fundi aliyesoma mtihani wa gredi ya juu ataambiwa kwamba gredi si kitu, ila afanye kazi ya gredi hiyo kwa mshahara wa zamani.

Kuna somo lingine hapa, nalo latuhusu sisi wa vyama. Julai 2019 mahakama ya kazi iliamua kwamba miongozo ile mipya isiwafunge wanachama wa KNUT. Chama kilishangilia. Lakini Tume ikashika kwamba wasiotaka miongozo wasipate pia nyongeza ya mshahara ya mkataba ule. Mwanachama wa KNUT akabaki nyuma, mwenzake wa chumba kile kile cha walimu akapata nyongeza. Maelfu kwa maelfu wakakihama chama chao. Basi KNUT ilishinda kortini ikashindwa kwenye karatasi ya mshahara, kwa sababu vyama vya walimu havikusimama mstari mmoja. Mwajiri hakuhitaji kuvunja chama; aliwaachia wanachama wakivunje wenyewe. Tulikumbuke hilo kila tunapoambiwa kwamba kesi ya mahakamani inatosha bila umoja.

Kwa hiyo naleta mapendekezo haya, na naomba matawi yote yayajadili na kuyatuma kwa ndugu zetu wa KNUT na KUPPET:

1. Kila mwaka itengwe hesabu ya walimu wa sekondari watakaopewa likizo ya masomo yenye mshahara. Majina yabandikwe wazi, na zamu ifuatwe, ili likizo isiwe ya wenye jamaa ofisini.

2. Ada ya masomo ya uzamili katika somo ambalo mwalimu analifundisha ilipwe na mwajiri. Mwalimu naye atie sahihi kurudi na kufundisha miaka kadhaa. Huo ni mkataba wa haki, maana kila upande unatoa na kila upande unapata.

3. Atakayefuzu na kubaki darasani apandishwe daraja kwa kuwa amebaki darasani. Asilazimike kuwa mkuu wa shule ndipo alishe watoto wake.

4. Mafunzo yoyote ambayo mwajiri anayaita ya lazima, mwajiri ayalipie. Hata senti moja isikatwe kwa mwalimu.

5. Haya yote yaandikwe ndani ya mkataba wa pamoja. Yasiwe katika waraka unaoweza kufutwa na waraka mwingine.

Walimu wenyewe waliwahi kutufundisha namna ya kushinda. Walipokuwa wametawanyika chini ya misheni na halmashauri, kila mmoja na mwajiri wake na desturi zake, waliunda KNUT mwaka 1957 wakadai mwajiri mmoja kwa nchi nzima. Mwaka 1967 Tume ikaundwa kwa sheria. Miaka kumi ya kushikilia neno moja. Tume hii wanayolia nayo leo ni tunda la madai yao wenyewe, na mti uliopanda mwenyewe una haki ya kuupogoa.

Mwenzako akisema tena karakanani kwamba mwalimu anasoma kwa tamaa, mwulize swali moja tu: mtoto wako anafundishwa na nani? Halafu mpe karatasi hii aisome.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli