Barazani kwa Wazazi: Mwenzi wa Chumbani



Mwezi uliopita baba mmoja alitujia jioni, akaketi barazani, akatwambia, "Mwalimu, mwanangu aenda chuoni. Karo i tayari, blanketi nimenunua, na sanduku nimelitia kufuli jipya. Niambie, je, nimesahau neno?" Tukamwuliza, "Wajua atalala chumba kimoja na nani?" Akacheka, akasema, "Hiyo ni kazi ya wenye chuo. Mimi mwanangu nimemlea vema, pombe hataigusa." Hatukumjibu upesi, kwa maana sisi nasi tu wazazi, na neno kama lile twalipenda masikioni. Lakini alipokwisha kwenda zake tukafikiri sana, na fikira zile ndizo tuletazo leo.

Wazee wetu walisema, nazi mbovu harabu ya nzima. Sote twaijua mithali hii, lakini je, twajua namna nazi moja iharibuvyo ya pili? Wengi hudhani ya kuwa rafiki mbaya humshika kijana mkono, akamtilia pombe bilaurini, akamwambia, "Kunywa!" Basi twamfundisha mtoto kukataa, tukaona kazi yetu imekwisha. Pengine huwa hivyo, lakini mara nyingi sivyo.

Jambo hili limechunguzwa sana na wataalamu wa Marekani, kwa hiyo twachukua mifano ya huko. Katika nchi ile vijana wengi huondoka kwao wapatapo miaka 18 au 19, wakaenda kukaa mabwenini, wawili wawili katika chumba kimoja. Sheria ya huko hairuhusu auziwe pombe mtu asiyetimiza miaka 21. Walakini pombe haikosekani, kwa sababu mwanafunzi mkubwa humnunulia mdogo, na mwenye chumba huwaalika wenziwe. Basi tazameni: pombe hiyo haiji kwa njia ya duka. Huja kwa njia ya urafiki.

Lakini yuko atakayesema, "Mlevi humtafuta mlevi mwenziwe. Mtajuaje kama rafiki ndiye aliyemharibu kijana, au kijana alikuwa amekwisha kuharibika, akamchagua rafiki wa kumfaa?" Swali hili ni la haki, na wataalamu wawili, Michael Kremer na Dan Levy, walipata njia ya kulijibu. Katika chuo kikuu kimoja kikubwa cha serikali wanafunzi waligawiwa wenzi wa chumbani kwa kura. Hakuna aliyechagua, kila mtu alilala na yule kura iliyempa. Habari zao zilitolewa mwaka 2008. Ilionekana ya kuwa wavulana waliopewa mwenzi aliyekuwa akinywa mwaka mmoja kabla ya kuingia chuoni, alama zao zilipungua, kwa wastani, robo ya alama katika kipimo ambacho ukomo wake ni 4. Tena wale wavulana waliokuwa wakinywa mara kwa mara tangu kwao, wakapewa mwenzi wa namna iyo hiyo, walipoteza theluthi mbili za alama. Kuni mbili zilizokutana moto wake u mkali kuliko moja. Na hasara ile haikuisha upesi, iliwafuata. Kwa wasichana hasara ya namna hiyo haikuonekana.

Liko neno jingine katika uchunguzi ule lililotugusa. Alama alizopata mwenzi katika shule ya sekondari, wala hali ya jamaa zake, havikuonekana kumwongezea mwanafunzi wala kumpunguzia kitu kikubwa. Nasi wazazi huuliza nini? Huuliza, "Je, rafiki yako ana akili? Ni mtoto wa nani?" Kumbe lile tusiloliuliza, yaani mazoea yake ya kunywa, ndilo lililoacha alama.

Sasa twaeleza nguvu ya jambo hili inatoka wapi. Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz, wataalamu wa chuo kimoja katika jimbo la New York, walitoa habari za wanafunzi wao. Waliwauliza kila mmoja maoni yake juu ya ulevi, kisha wakawauliza wadhani wenzao wana maoni gani. Wengi walisema, "Mimi sipendi kupita kiasi, lakini wenzangu wengi huona ni sawa." Wakiwa wengi wanasema hivyo, hao wenzao walevi wako wapi? Kila mtu alimdhania mwenziwe neno ambalo mwenziwe hakulishika.

Sababu yake si ngumu kuitambua. Bweni la watu 40 likiwa na wanywaji 10, usiku wa Jumamosi utasikia sauti za hao 10. Wanaimba, wanaanguka, wanagonga milango. Na asubuhi hadithi zao ndizo husimuliwa mezani. Wale 30 waliosoma, wakaandika barua, wakalala, hawana hadithi. Basi mgeni aliyefika juzi husikia kelele, akadhani chuo chote ndivyo kilivyo. Kadhalika mwaka 1993 Henry Wechsler na wenziwe waliwauliza wanafunzi wa vyuo 140 vya Marekani. Katika kila 100, wapatao 44 walikiri kwamba katika wiki mbili zilizopita walikunywa sana kwa mara moja, yaani vinywaji 5 mfululizo kwa mwanamume, au 4 kwa mwanamke. Hesabu hiyo ni ya kuogofya, wala hatuifichi. Lakini ihesabuni na kwa upande wa pili: zaidi ya nusu hawakufanya hivyo. Hao walio wengi ndio wasiosikika.

Na kimya kile hakimwachi mtu alivyo. Mwaka huo huo wa 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walieleza habari za wanafunzi wa chuo kikuu cha Princeton. Katika muhula mmoja tu wavulana walianza kuyageuza maoni yao wenyewe yafanane na yale waliyodhani ni ya wenzao. Walikuwa wakimfuata kiongozi asiyekuwapo. Ndiyo maana twasema ya kuwa kijana aliyelelewa vema aweza kuanguka pasipo kushawishiwa na mtu hata mmoja. Hakuna aliyemwambia, "Kunywa." Aliogopa tu kuwa peke yake, kumbe hakuwa peke yake.

Je, dawa iko? Vyuo vingine vya Marekani vilibandika matangazo ukutani kuwaambia wanafunzi, "Wengi wenu hamnywi sana." Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 juu ya vyuo vingi haukuona ya kuwa matangazo yale yamepunguza ulevi. Karatasi ya ukutani si rafiki. Lililofaa zaidi lilionekana Princeton, katika habari iliyotolewa mwaka 1998. Wanafunzi wapya waliketishwa vikundi vikundi. Vikundi vingine vilifundishwa namna ya mtu mmoja mmoja kujiangalia katika kunywa. Vingine viliambiwa habari ya kosa hili la kudhaniana, wakazungumza wao kwa wao, kila mtu akasikia kwa masikio yake ya kuwa mwenziwe naye ana mashaka. Miezi kati ya minne na sita ilipopita, hawa wa pili walisema wanakunywa kidogo kuliko wale wa kwanza. Walichopewa ni nafasi ya kusikiana tu.

Basi mashauri yetu ni haya. Ninyi wazazi, msiishie katika kukataza. Ulizeni jina la mwenzi wa chumbani kama mnavyouliza karo, na mtoto arudipo likizo mwulizeni Jumamosi zake huzitumia na nani. Mwambieni mapema, kabla hajasikia kelele za usiku wa kwanza, ya kuwa wapigao kelele si wengi kama anavyodhani. Nanyi vijana, neno lenu ni moja: semeni. Mmoja akisema waziwazi mbele ya wenziwe, "Mimi hili silipendi," huenda akawafungua vinywa watatu waliokuwa wakimngoja mtu wa kuanza.

Tulimwendea yule baba Jumapili iliyofuata, tukamweleza haya yote. Akamwita mwanawe mbele yetu. Hakumwuliza, "Je, utakunywa?" kwa kuwa jibu la swali lile kila mtoto analijua. Alimwuliza, "Mwanangu, wenzako wote chumbani wakinywa, nawe hupendi, utasema nini?" Kijana akanyamaza kitambo, akatazama chini, akajibu, "Sijui, baba." Baba yake alitutazama, nasi tukaona amefadhaika. Lakini neno lile lilikuwa kweli, na bora lilisemwa nyumbani kabla halijasemwa ugenini. Tukawaacha wawili wale wakizungumza, na taa yao ilikuwa ikiwaka bado tulipopita njiani usiku.

Kwa herini, hata mwezi ujao.