TAHARIRI: Usukani ukichelewa kwa gemu, tafuta sababu kabla ya kulaumu pedi

Ukisimama Kikopey, pale kwa wachoma nyama, unaliona Ziwa Elementaita bondeni na ule mlima wenye umbo la mtu aliyelala chali. Mashabiki wa Safari Rally wanaujua kama Sleeping Warrior. Mkondo wenye jina hilo ulikuwa na zaidi ya kilomita 30 mwaka wa 2021, mbio za dunia ziliporejea Kenya baada ya miaka 19. Siku hizi vumbi la pande hizi limeingia hadi kwa gemu: EA Sports WRC, iliyotoka Novemba 2023, ina mikondo ya Soysambu na Mbaruk.

Lakini ingia kibanda chochote cha PS, Gilgil au Nakuru mjini, usikie malalamiko ni yale yale. "Hii gari haikati kona!" "Pedi imekufa, leta ingine!" Kisha kijana anaanza kuweka pesa ya kununua usukani wa maelfu ya shilingi, akiamini huo ndio utamfanya bingwa.

Tunasema hivi: usinunue kitu kabla hujajua kinachochelewa ni nini. Mara nyingi dawa ni ya bure.

Anza na jaribio dogo. Simamisha gari kabisa, chagua kamera inayoonyesha magurudumu ya mbele, kisha sukuma kijiti cha pedi kushoto na kulia kwa haraka. Magurudumu yakichelewa kugeuka hata gari likiwa limesimama, tatizo liko kwa TV, pedi au mipangilio ya gemu. Lakini yakigeuka papo hapo, halafu ukiwa kwa spidi gari linanyoosha hadi kichakani, basi boss, shida ni mwendo wako.

Tuseme ni TV. Televisheni nyingi huchukua muda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, na muda huo mchezaji ndiye anaulipa. Gari linaloenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Picha ikichelewa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, gari limeshasonga karibu mita tatu kabla hujaona kona. Hapo ushagonga jiwe. Ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe hali ya gemu. Kama gemu inakupa chaguo kati ya picha maridadi na picha nyingi kwa sekunde, chagua picha nyingi. Uzuri wa majani hautakusaidia kukata kona.

Kwa pedi, angalia kipimo cha dedizoni, yaani ile sehemu ya katikati ambapo ukisogeza kijiti gari halisikii chochote. Kikiwa juu sana, usukani unakuwa mzito wa kusikia. Kishushe polepole hadi gari lianze kuvuta upande lenyewe, halafu kipandishe kidogo tu. Pedi zilizochoka za vibandani zinahitaji dedizoni kubwa kuliko mpya, kwa hivyo usikopi namba za mtu wa YouTube bila kupima yako. Na kwa PS4 au PS5, kuchomeka waya pekee hakutoshi; lazima uende kwa mipangilio uchague pedi iwasiliane kupitia waya huo.

Wenye usukani tayari, pimeni mzunguko wake. Logitech G29, kwa mfano, huzunguka hadi digrii 900. Kwa kona za kujikunja za rali, hiyo ni kazi ya kupiga makasia. Wengi hushusha hadi karibu 540, na mikono inapumua.

Ukishafanya hayo yote na gari bado linanyoosha, kubali kwamba changarawe si lami. Tairi za mbele hushika zikipata uzito. Gusa breki kabla ya kona, uzito usonge mbele, ndipo ukate. Ukikata huku umekanyaga mafuta, hakuna usukani duniani utakaokuokoa, uwe wa plastiki au wa chuma.

Wenye vibanda nao wana deni. Kijana analipa kwa mechi au kwa dakika, si haki acheze na TV ambayo haijawahi kuguswa mipangilio tangu itoke dukani. Gemu hizi pia si za watoto tu. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda GT Academy mwaka wa 2011 akitokea kwa gemu ya Gran Turismo, na kufikia 2013 alikuwa anashindana Le Mans kwa gari la kweli. Nani ajuaye kipaji kilichokaa kwenye benchi la mbao hapo Gilgil?

Kuna jambo moja zaidi, na hili halina utani. Barabara kuu ya Nairobi–Nakuru inapita hapo hapo Kikopey, ikiwa na malori, matatu na watu waliotoka kula nyama na kushushia chupa mbili tatu. Imeshaua wengi. Huko, kinachochelewesha usukani si TV. Ni bia, ni simu mkononi, ni usingizi. Dereva akichelewa sekunde moja tu kwa kilomita 100 kwa saa, ni zile mita 28, na lori lililofunga breki mbele yake haliko umbali huo kila wakati. Mchezaji anayelalamika kwa sababu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde anaijua hesabu hii kuliko mtu yeyote. Basi aitumie pia akiwa na wenzake garini.

Kwa hivyo leo jioni, mwenye kibanda awashe hali ya gemu, nawe upime dedizoni yako kabla ya kutupa pedi. Na siku mkitoka Kikopey kama genge, funguo zishikwe na yule ambaye hajagusa chupa, hata kama kwa gemu ndiye wa mwisho kila siku.