Forfe ikiisha, deni ya giza isitufuate

Mu mugodi hakuna forfe. Shaba inapimwa ku mizani, umeme wa mashine unapimwa kilowati-saa kwa kilowati-saa. Lakini ku Katuba, ku Kenya ao ku Ruashi, mama mwenye saluni na papa mwenye kusaga bunga wanalipaka bei moja kila mwezi, umeme ukuwe, usikuwe. Ile ndiyo forfe: fakture bila kompteri.

Neno hili linatugusa sisi wafanyakazi wa migodi. Mshahara ukichelewa, nyumba inasimama juu ya frigo ya maji ya baridi, mashine ya kunyoa ao ya kushona. Sasa SNEL inaweka kompteri za kununua umeme mbele ya kuutumikisha, kidogo kidogo, mtaa kwa mtaa. Wengine wanasema tukatae, kwa sababu umeme wenyewe hautoshi. Sisi tunasema: kompteri ikuje. Kuikataa ni kuendelea kulipa saa za delestaji. Lakini ikuje kwa haki, na itukute tumejitayarisha.

Tuhesabu. Frigo ya wati 150, ikitembea saa 10 kwa siku, inakula kilowati-saa 1,5. Mu siku 30, ni 45. Mashine ya kusude ya kilowati 5, ikitumika saa 4 kwa siku, inakula 20. Mu siku 25 za kazi, ni 500, sawa na frigo 11. Mwenye kusude aliyezoea forfe, akiacha bei ya milango yake vile ilivyo, faida itaisha mbele mwezi haujaisha. Bei zirudiliwe leo, si siku ile kompteri itakapozima.

Kwa hiyo, ba papa na ba mama, tufanye mambo matatu.

Kwanza, daftari. Kila siku tuandike saa umeme ulikuja, saa ulikatika, na mashine gani ilitembea. Mwezi mmoja unatosha kujua biashara inakula ngapi.

Pili, tutenganishe nyumba na biashara. Tarifa yao si moja. Na jirani aliyejiunga ku waya wetu, mu forfe hatukumuona. Ku kompteri, ni sisi tutamulipia kila taa. Tuongee naye sasa, kwa heshima, mbele ya palaver.

Tatu, tukusanye fakture zote na karatasi za malipo. Hapa ndipo kuna hatari kubwa. Kama deni yote ya forfe inaingizwa mu kompteri bila kuchunguzwa, mama atanunua umeme wa leo na kulipa giza ya jana. Atatoa franga, atapata umeme kidogo, naye hatajua kwa nini.

Ndiyo maana tunaomba SNEL ikae na kila mteja mbele ya kufunga kompteri. Daftari na fakture ziwekwe ku meza. Miezi ambayo kabine iliungua na mtaa ukakaa gizani itolewe ku hesabu. Deni inayobaki iandikwe ku karatasi, isainiwe pande zote mbili, igawanywe kwa miezi ambayo mtu anaweza. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 juni 2014 ilileta ARE, mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme. Kazi yake ni pamoja na kulinda mwenye kutumikisha umeme. Basi iangalie na hesabu hii.

Mwadingusha ilianza kutoa umeme mu 1930, Nseke mu 1956, zote mbili juu ya shaba ya Union Minière. Babu zetu walichimba shaba ile. Hatuombi umeme wa bure. Tunaomba kipimo kilekile kinachotumika ku mugodi kifike na ku saluni ya bibi wa muchimbaji.

Wenzetu bakreza wanajua vizuri: ukifika ku duka la madini bila kupima wewe mwenyewe, muuzaji si wewe tena, ni mizani ya mwingine. Delege wa sendika mu kila timu wakubali kusaidia familia kuandika hesabu zao. Daftari ni bei kidogo, na kuianza si lazima kungojea mtu.