Woga wa Uwanjani Wafundishwa

Imekuwa desturi kwamba timu inapojifungia langoni mwake, lawama zote hutupiwa wachezaji. Sisi wa Tindiga, wilayani Kilosa, tunasema: hapana!

Januari 21, 2024, kule San Pédro, Ivory Coast, Taifa Stars iliongoza kwa bao la Simon Msuva. Zambia ikabaki na wachezaji kumi kabla ya mapumziko. Badala ya kuongeza la pili, tulilinda hilo moja. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Siku tatu baadaye tulihitaji ushindi, tukaambulia sare bila bao na Kongo ya Kinshasa. Tukarudi nyumbani.

Je, ni miguu iliyoogopa? La hasha! Mchezaji hutenda alilofunzwa. Akikaripiwa kila apotezapo mpira mbele, atajifunza kuubutua tu.

Na woga huo hauanzii Taifa Stars. Huanzia viwanja vya shule, kwenye UMITASHUMTA, pale mwalimu anapomtoa nje mtoto aliyethubutu kupiga chenga.

Ndugu walimu, tusitafute mchawi Dar es Salaam. Mbegu tumeipanda wenyewe, tuing'oe wenyewe.