UHURU WA MTUMBA

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika Mtumba, panda daladala Dodoma mjini, shika barabara kuu ya Dar es Salaam, pita Nzuguni, pita Ihumwa, utaona vioo vinameremeta mbele yako kama vile mtu amemwaga bati jipya porini. Huo ndio mji wa serikali. Jana ilikuwa mibuyu na mashamba ya mtama na uwele ya Wagogo. Aprili 2019 Rais Magufuli akaja kuuzindua, na tangu hapo kila karatasi yenye mhuri inayoamua unyoe au usuke hutokea huko.

Jumapili moja niliwakuta vijana wanne pembeni ya mji huo, kwenye vumbi. Simu imeegemezwa juu ya tofali. Mbele yake sahani ya pilipili mbuzi na ndoo ya maji. Wanafanya kile wanachokiita chalenji: mtu anatafuna pilipili, haruhusiwi kukohoa wala kulia, akishindwa anamwagiwa ndoo, wenzake wanavunjika mbavu, video inapanda mtandaoni. Kabla hawajaanza, mkubwa wao akapiga kelele: "Geuza simu! Yale majengo yasionekane!" Simu ikageuzwa, wizara zikatoka kwenye picha, ukabaki mbuyu na mbuzi watatu.

Nikamuuliza kwa nini. "Shikamoo mzee," akasema kwanza, maana ana adabu zake, kisha akacheka. "Mzee wangu, pilipili haina polisi."

Sasa nisikilize, wewe unayelalamika kila siku kwamba vijana wa leo hawana maana, wanakula pilipili na kupigana makofi mtandaoni badala ya kuelimisha jamii. Nami nimewahi kusema hivyo. Siku ile nilinyamaza. Ule upuuzi unaouona kwenye simu yako haukuzaliwa na ujinga wa vijana. Umezaliwa na woga, na woga huo una tarehe, una namba za Gazeti la Serikali na una majina ya watu waliofikishwa kortini.

Tuanze mbali kidogo. Enzi za chama kimoja jukwaa la kuchekesha lilikuwa la bwana mmoja. Ulitaka kumsikia Pwagu na Pwaguzi? Fungua Radio Tanzania, hakuna nyingine. Mageuzi yalipokuja mwaka 1992, magazeti yakachipuka kama uyoga. Mwaka 1993 serikali ikapiga marufuku magazeti mawili ya udaku. Moja liliitwa Michapo. La pili, usicheke msomaji, liliitwa Cheka. Wakubwa walisema yanaharibu maadili.

Luninga za watu binafsi zikaja, na hapo kijana mchekeshaji akapata bwana mwingine: mwenye kituo. Unakumbuka Ze Comedy ya EATV? Akina Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu walikuwa wanafunga mitaa usiku wa kipindi chao. Mwaka 2008 wakaamua kuhama. Ndipo nchi nzima ikajifunza somo ambalo hakuna shule iliyolifundisha: sura ni zako, sauti ni yako, utani umetoka kichwani mwako, lakini jina la kipindi ni ugomvi. Jina likazua mabishano makubwa, vijana wakaibukia TBC1 wakijiita Ze Orijino Komedi. Walimkimbia tajiri, wakaangukia televisheni ya taifa! Sijui kama huo ni uhuru au ni kubadilisha chumba katika nyumba ileile ya kupanga. Siwalaumu. Wakati ule hapakuwa na mlango wa tatu.

Mlango wa tatu ni intaneti. Hapo ndipo uongo ninaotaka kuuanika leo unapoanzia. Tuliambiwa sasa msanii yuko huru. Hana haja ya kumlamba miguu mwenye kituo. Ana simu, ana chaneli yake, ana mashabiki wake. YouTube wanachukua asilimia 45 ya pesa ya matangazo, yeye anabaki na 55, mradi afikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Ni masharti magumu kwa mtoto wa Ihumwa anayenunua bando la kuungaunga, lakini walau yanajulikana, na ukiyatimiza unalipwa bila kumjua mjomba wa mtu.

Basi Machi 2018 serikali ikaona vijana wamepata mlango, ikauwekea getini mkusanya ushuru. Zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Kuomba leseni shilingi 100,000. Leseni yenyewe milioni moja. Ada ya mwaka milioni nyingine. Jumla milioni mbili na laki moja, kabla hujamchekesha hata paka! Ukikaidi, faini isiyopungua milioni tano, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwenye televisheni mtandaoni ya mabilioni na mtoto mwenye simu juu ya tofali wakapangwa foleni moja kwenye dirisha moja.

Usidhani ilikuwa kutishia nyau. Idris Sultan unamfahamu, ndiye aliyetuletea ushindi wa Big Brother Africa mwaka 2014. Mwaka 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais Magufuli, alibadilishana sura na Rais kwenye picha, sura yake kwenye mwili wa Rais na ya Rais kwenye mwili wake. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akamwambia hadharani ajipeleke polisi. Mei 2020 akaonekana kwenye video akiicheka picha ya zamani ya Rais. Akicheka tu! Hakutukana, hakuongeza neno la uchochezi. Akashikiliwa siku kadhaa, na alipofikishwa Kisutu shtaka likawa la laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Mwaka huohuo yeye na wenzake wakashtakiwa pia kwa kurusha vichekesho mtandaoni kupitia chaneli iliyoitwa Loko Motion bila leseni ya TCRA.

Msomaji, itazame hesabu hiyo vizuri. Kumcheka mkubwa hakukuandikwa kwenye hati ya mashtaka. Wasingethubutu kuandika, dunia ingewacheka wao. Kilichoandikwa ni laini, kilichoandikwa ni leseni. Hiyo ndiyo kazi ya leseni. Haiko pale kukusanya pesa tu. Iko pale ili siku ukimkera mtu pawepo kosa lililokwisha kuandaliwa, linakusubiri droo ya ofisi, bado jina lako tu kujazwa.

Hata wale wa Orijino Komedi, wakubwa wa fani, yaliwafika. Mei 2016 wenzake Masanja walicheza harusini kwake wamevaa nguo zinazofanana na sare za polisi, na polisi wenyewe wakawaita kuwahoji. Harusi, jamani!

Watetezi wa serikali watanijibu: mzee, umelala, kanuni hizo ziliandikwa upya Julai 2020, zikarekebishwa tena 2022, kamba zimelegezwa. Ni kweli, zimelegezwa. Na mimi nauliza, nani alizilegeza? Waziri, kwa kalamu yake. Nani alizikaza? Waziri, kwa kalamu hiyohiyo. Kanuni hazipigiwi kura na wabunge kabla ya kuanza kutumika, zinasainiwa ofisini na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, basi, imekula kwako. Uhuru unaotegemea Waziri ameamkaje ni uhuru wa mtumba. Umevaliwa na mwingine, umefungwa kwenye robota, umeletwa kwako umekunjwa, na akiutaka tena atauchukua. Hata zilipoandikwa upya mwaka 2020, kwenye orodha ya yaliyokatazwa, pamoja na ponografia na mambo ambayo hakuna mwenye akili anayeyatetea, likachomekwa katazo la maudhui ya kuikejeli hadhi ya Jamhuri, bendera, wimbo wa taifa na nembo zake. Kejeli! Ni sawa na kumpa fundi seremala kibali cha kazi halafu ukamkataza msumeno. Na mpaka wa "hadhi ya Jamhuri" unaanzia wapi? Je, suti ya kiongozi iliyompwaya ni hadhi ya Jamhuri?

Yakazaa matunda gani? Angalia luninga yako. Kwa miaka na miaka wachekeshaji wetu wamemwigiza Mgogo ombaomba, Mmasai mlinzi, mama muuza vitumbua, kilema, bubu, mshamba aliyeshuka stendi na kuku wake. Hakuna mkuu wa mkoa aliyewahi kumwita mtu polisi kwa kumkejeli Mgogo. Sisi wa huku Dodoma lafudhi yetu imeliwa kama karanga na hatukuona kanuni hata moja ya kututetea. Kwa hiyo kumbe kicheko kinaruhusiwa, mradi kiteremke. Mnyonge mcheke mpaka ukauke. Kikianza kupanda kilima kumfuata mkubwa, hapo ndipo leseni inapoulizwa. Na vijana si wajinga, wanasoma upepo. Wenye huruma wakaona kumcheka mnyonge ni dhambi na kumcheka mkubwa ni kesi, wakabaki kujicheka wao wenyewe, na pilipili mdomoni.

Hili halikuwa hivyo kwa mababu zetu. Mgogo na mtani wake Mhehe waliambiana maneno ambayo leo yangejaza kurasa kumi za hati ya mashtaka. Mtani anaingia msibani, anaiga namna marehemu alivyokuwa akitembea na kukopa pombe, analala kaburini hatoki mpaka alipwe, na mtemi mwenyewe akifa hapati msamaha. Aliyekasirika ndiye aliyeonekana hana malezi. Sasa watu wanaotuhubiria maadili ya Kiafrika ndio hao hao walioliondoa adilifu hilo bila hata kulisindikiza.

Pengine utasema nchi za kwetu hazijakomaa kwa mambo hayo. Vuka Namanga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walianzisha Redykyulass, wakamwigiza Rais Moi, sauti, fimbo na yote, Moi mwenyewe akiwa Ikulu. Na Moi hakuwa malaika, waliopita kwenye vyumba vyake vya mateso wapo wanaokumbuka. Mmoja wa wale vijana leo ni mbunge. Mwaka 2009 Nairobi wakapata XYZ Show, vikaragosi vya mpira vikiwachezesha marais na mawaziri kwenye luninga. Unajua aliyevibuni? Gado. Godfrey Mwampembwa, Mtanzania, kijana wa Dar es Salaam aliyehamia Kenya mwaka 1992. Tuna kiwanda cha kejeli, tumekiuza nje bila ushuru!

Na ili nisiitwe mnafiki, niseme na la kwetu. Hata viongozi wa vyama vyetu vya upinzani, wakiigizwa jukwaani, wapo wanaonuna wiki nzima na kumtafuta aliyealika kikundi. Nao wajiandae. Siku tukiingia sisi ofisini, leseni ya kicheko isiwe urithi tunaougombania.

Upande wa pesa nitapita haraka, maana unajulikana. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka zuio la kodi la asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali. Kulipa kodi si dhambi, kila raia alipe. Lakini anayekatwa kodi kama mfanyabiashara ana haki duka lake lisifungwe usiku bila taarifa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa, ikakaa kizani kwa siku kadhaa. Damu iliyomwagika siku zile ni jambo kubwa kuliko vichekesho, na gazeti hili halitaliacha, ila hapa naongelea jukwaa. Mchekeshaji aliyemkimbia mwenye kituo, akaikimbia televisheni ya taifa, akajenga chaneli yake kwa jasho miaka mitano, aligundua siku ile kwamba swichi ya taa za jukwaa haikuwahi kuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo tunadai nini? Tunadai ruhusa ya kuchekesha itoke kwenye kalamu ya Waziri iwekwe ndani ya sheria inayopitishwa na Bunge hadharani, ikitamka kwamba raia mmoja au kikundi kinachochekesha kwa simu hakihitaji leseni ya mtu yeyote, iwe TCRA, iwe Bodi ya Filamu na sheria yake ya mwaka 1976. Neno kejeli lifutwe kwenye orodha ya makosa. Anayetukana mtu kwa uongo yupo hakimu wa madai, aende huko na wakili wake kama sisi wengine. Bunge hilo limejaa kijani, najua, usinikumbushe. Lakini wamo humo wabunge ambao kampeni zao zilibebwa na wachekeshaji hao hao, waliopandishwa malori na kuvalishwa fulana.

Kikao cha bajeti huanza Aprili, Dodoma hapahapa, kilomita chache kutoka kwenye lile tofali. Wizara inayosimamia habari itasimama kuomba mafungu yake. Msomaji, mpigie mbunge wako, muulize siku hiyo alisimama au alilala, kisha utuandikie.